Uji wa kanwa na moyo wa mzazi

Kanwa ni chumvi ya ziwa. Huchimbwa maeneo ya Ziwa Chad, huuzwa sokoni kwa mabonge, na wapishi wa Kihausa huitumia kama sisi tunavyotumia magadi: maharage magumu yaive haraka, mboga ilainike. Kama umewahi kuona magadi ya Ziwa Natron, au yale ya Ziwa Magadi lenyewe kule Kenya, basi kanwa hutaishangaa. Ni ndugu zake. Ndani yake kuna sodiamu nyingi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani.

Kaskazini mwa Nigeria kanwa ina kazi nyingine pia. Mwanamke akijifungua, huanza kipindi cha siku arobaini ambacho msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa sana. Hoja ni ile ile: mwili wa mzazi uko wazi, ubaridi usiuingie. Huku kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Kule Zaria na Kano alioga maji yaliyokaribia kuchemka, mara mbili kwa siku, akichapwachapwa mwilini kwa matawi yenye majani yaliyochovywa humo. Alilala juu ya kitanda cha udongo kilichowashiwa moto chini yake. Na alikunywa uji uliotiwa kanwa, tena si kidogo, kwa sababu uliaminika kuongeza maziwa.

Katika miaka ya 1970 baadhi ya wanawake hawa walianza kuonekana kwa wingi katika wodi za hospitali ya Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello, Zaria. Wamevimba miguu mpaka tumbo. Wanahema. Hawawezi kulala chali, lazima waegemezwe mito. Moyo umetanuka na haumudu kusukuma damu. Wengi walikuwa vijana ambao hawakuwahi kuugua moyo, na walikuwa wamejifungua wiki au miezi michache iliyopita. Makadirio yanayonukuliwa mara nyingi kuhusu eneo hilo ni kwamba ugonjwa huu ulimpata karibu mwanamke 1 kati ya kila waliojifungua 100. Hakuna mahali pengine duniani palipokuwa na idadi ya namna hiyo kwenye vitabu.

Nataka tuufuatilie ugonjwa huu kuanzia pale, kwa sababu jibu lililotolewa Zaria lilikuwa zuri sana, lilikubalika haraka, na lilikaa vitabuni kwa zaidi ya miaka arobaini kabla ya mtu kuliweka kwenye mizani sawasawa.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Zaria haikuwa ya kwanza kuuona. Madaktari wa Ulaya walishaandika katika karne ya 19 kuhusu wanawake waliokufa kwa moyo baada ya kuzaa, ila walichanganya mambo mengi: homa ya uzazi, upungufu wa damu, vali zilizoharibika. Mwaka 1937 ndipo ugonjwa ulipoanza kupata sura yake. Edgar Hull na mwenzake wa New Orleans waliandika kuhusu moyo unaoshindwa baada ya uzazi, na mwaka huo huo Gouley na wenzake wa Philadelphia wakaeleza misuli ya moyo iliyochakaa kwa wanawake waliofariki, bila sababu inayoonekana. Wengi wa wagonjwa wa New Orleans walikuwa wanawake weusi maskini. Jambo hili lilionekana mapema, likaandikwa, likapita.

Mwaka 1971 kundi la Demakis na Rahimtoola, Chicago, lilichapisha katika jarida la Circulation habari za wanawake 27 waliofuatiliwa kwa miaka. Walifanya mambo mawili. La kwanza, waliweka mipaka: moyo ushindwe katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, mama asiwe na ugonjwa wa moyo kabla, na isipatikane sababu nyingine. La pili, walionyesha kwamba wagonjwa hugawanyika. Takriban nusu moyo ulirudi kwenye ukubwa wa kawaida ndani ya miezi 6, na wengi wa hao waliishi. Ambao moyo ulibaki umetanuka, wengi wao walifariki. Jina la ugonjwa likatulia: kadiomiopathi ya uzazi, yaani ugonjwa wa misuli ya moyo unaokuja na uzazi. Mara nyingi waliongeza neno la Kigiriki ambalo kwa lugha ya kawaida maana yake ni “sababu hatuijui”. Madaktari wana neno zuri hata la kutojua.

Sasa Zaria. Eldryd Parry, daktari kutoka Uingereza aliyekuwa profesa pale, na Davidson, mwenzake, walikusanya wagonjwa kwa mamia, wakati Chicago walikuwa na 27. Na walifanya jambo ambalo watafiti wengi wa wakati ule hawakujali: waliuliza mama anaishije nyumbani. Hapo ndipo kanwa, maji ya moto na kitanda cha moto vilipoingia kwenye maandishi ya kitabibu.

Hoja yao ilikuwa hivi. Katika ujauzito damu ya mwanamke huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50. Moyo unafanya kazi ya ziada kwa miezi kadhaa. Akishajifungua, kizazi hunywea na kurudisha damu kwenye mzunguko, kisha mwili huanza kutoa maji ya ziada kupitia figo. Ni kipindi ambacho moyo unatakiwa upumzike. Badala yake, mzazi wa Zaria anapakiwa sodiamu kila siku, na sodiamu hushikilia maji mwilini. Hapo hapo joto linatanua mishipa ya ngozi, na moyo unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwa dakika. Mzigo juu ya mzigo. Ndio maana wao hawakupenda kuuita ugonjwa wa misuli. Waliuita kushindwa kwa moyo kwa kipindi cha uzazi: moyo wenyewe pengine ni mzima, umezidiwa tu. Mama akiacha kanwa, akipewa dawa za kutoa maji, wengi hupata nafuu.

Mwaka 1974, katika taarifa za Shirika la Afya Duniani, walikwenda mbali zaidi wakasema mila hizi ndizo zinazoeleza kwa nini ugonjwa uko kaskazini mwa Nigeria na hauko kwa wingi hivyo kusini. Mwaka 1978 ukaja utafiti wao mkubwa.

Lazima niseme, ukisoma kazi hii leo unaona watu makini. Hawakuandika kwa dharau. Fiziolojia yao imenyooka, na mpaka kesho hakuna daktari atakayemshauri mama mwenye moyo dhaifu anywe uji wa magadi. Parry mwenyewe aliendelea kushughulika na afya ya Afrika kwa miongo mingi. Tatizo liko kwingine, na ni la kimantiki zaidi kuliko la kitabibu.

Tuseme unafanya utafiti mjini Tanga. Unawakuta wanawake 200 wenye malaria, na karibu wote wana khanga nyumbani. Je, khanga inaleta malaria? Hapana, kwa sababu hata wasio na malaria wana khanga. Katika Zaria ya miaka ya 1970, wanawake wengi mno wa Kihausa walipitia arobaini ya maji ya moto na kanwa. Walioumwa na wasioumwa. Kumkuta mgonjwa aliyekunywa kanwa hakukuambii chochote mpaka umuulize na jirani yake mzima aliyejifungua wiki ile ile: wewe ulikunywa kiasi gani? Na kulinganisha kaskazini na kusini hakumalizi kazi, kwa kuwa kaskazini na kusini vinatofautiana kwa mengi zaidi ya uji. Udongo ni tofauti, chakula ni tofauti, umri wa kuolewa ni tofauti, shule ni tofauti, umbali wa kliniki ni tofauti.

Lakini hadithi ya kanwa ilikuwa na mvuto. Ilikuwa na chumvi, moto na mila. Ilipoingia kwenye vitabu vya kiada, maswali ya awali yalibaki nyuma na jibu likasafiri peke yake. Msomaji wa Ulaya alibaki na picha moja: wanawake wa Afrika Magharibi hupata ugonjwa wa moyo kwa sababu ya wanayojifanyia baada ya kuzaa. Hakuna aliyeiandika kwa ukali huo. Haikuhitajika.

Nyufa zilianza kuonekana, na moja ya kwanza ilitokea karibu nasi. John Sanderson, aliyekuwa Zaria na kushiriki katika utafiti wa 1979 uliouliza kama tatizo ni moyo kuzidiwa na maji tu, baadaye alifanya kazi Nairobi. Mwaka 1986 yeye, Olsen na Gatei walichapisha matokeo ya wanawake 11 wa Nairobi wenye moyo ulioshindwa kipindi cha uzazi. Safari hii hawakuishia kupima kwa nje. Walipitisha kifaa chembamba ndani ya mshipa mpaka kwenye moyo, wakachukua chembe ya nyama yake, wakaiangalia kwa hadubini. Baadhi ya wanawake hao walikuwa na alama za uvimbe wa misuli ya moyo uliokuwa unapona. Yaani nyama yenyewe ya moyo ilikuwa imeguswa. Na Nairobi hakuna kanwa ya arobaini wala kitanda cha moto. (Kuhusu uvimbe huo, tafiti za sehemu nyingine zilipata wakati mwingine mwingi, wakati mwingine kidogo sana, na mpaka sasa watu hawajakubaliana una uzito gani.)

Haiti nayo ilileta shida. Katika Hôpital Albert Schweitzer, Deschapelles, daktari Mmarekani James Fett alianza kuwahesabu wagonjwa kwa utaratibu. Mwaka 2005 taarifa ilitoka: mwanamke 1 kati ya karibu 300 waliojifungua. Hiyo si 1 kati ya 100, lakini ni mara nyingi zaidi ya Marekani, na ni kisiwa kisichojua kanwa. Afrika Kusini makadirio yalikuwa karibu 1 kati ya 1,000. Ukiiweka ramani hii mezani, huoni chumvi ya Ziwa Chad. Unaona umaskini, na unaona pia asili ya Kiafrika, mambo mawili ambayo katika dunia yetu yamefungwa pamoja kiasi kwamba kuyatenganisha kwa takwimu ni kazi ngumu.

Kisha hadithi ikahamia Ujerumani, kwenye panya.

Mwaka 2007 Denise Hilfiker-Kleiner na wenzake wa Hannover walichapisha katika jarida la Cell kazi ambayo ilibadilisha mazungumzo yote. Walitengeneza panya jike ambao seli za moyo wao hazina protini moja iitwayo STAT3, ambayo kazi yake mojawapo ni kuukinga moyo wakati wa msukosuko. Panya hawa wakiachwa bila kuzaa, wako sawa. Wakizaa, moyo unatanuka na kushindwa. Kwa nini? Walifuata nyayo mpaka kwenye prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa. Ndani ya moyo usio na kinga, prolaktini hukatwa na kimeng’enya, na kipande kidogo kinachobaki ni sumu: huua mishipa midogo ya damu inayolisha misuli ya moyo. Waliwapa panya bromokriptini, dawa ya zamani inayozuia prolaktini isitoke. Panya hawakuugua.

Hebu tulia hapo kidogo. Kwa miaka thelathini macho yote yalikuwa kwenye kile mzazi anachokunywa ili apate maziwa. Kumbe, walau kwa panya, tatizo lilikuwa kwenye homoni ya maziwa yenyewe, inayotoka kwa kila mwanamke aliyejifungua, awe Zaria, Hannover au Mwanza.

Karen Sliwa wa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, alikuwa na wagonjwa ambao Wajerumani hawakuwa nao. Ushirikiano ukazaliwa. Mwaka 2010 walitoa jaribio dogo: wanawake 20 walioshindwa kwa moyo baada ya kujifungua, 10 wakapewa matibabu ya kawaida, 10 matibabu yale yale pamoja na bromokriptini kwa wiki 8. Kipimo kilikuwa ni sehemu ya damu ambayo chumba cha chini cha kushoto cha moyo husukuma nje kila kinapodunda. Mtu mzima mwenye afya ni asilimia 55 au zaidi. Makundi yote yalianza na asilimia 27. Baada ya miezi 6, waliopata dawa walifika 58, wasiopata walifika 36. Katika kundi la dawa alifariki 1, katika kundi jingine walifariki 4.

Ishirini ni watu wachache mno. Ndugu zangu wanaosoma takwimu watakuwa wameshakunja uso. Jaribio la Ujerumani la mwaka 2017 lilikuwa na wanawake 63, hakuna aliyefariki, lakini wote walipata bromokriptini, wengine wiki moja, wengine wiki nane, kwa hiyo halikuweza kutuambia ingekuwaje bila dawa kabisa. Pia dawa hii ina historia yake. Marekani ilikuwa ikitumika kukausha maziwa ya akina mama wasiotaka kunyonyesha, na katika miaka ya 1990 matumizi hayo yaliondolewa baada ya taarifa za kiharusi na mshtuko wa moyo. Ndiyo maana leo inapotolewa kwa ugonjwa huu, huambatanishwa na dawa ya kuzuia damu kuganda.

Na kuna jambo ambalo makala za Ulaya hulitaja kwa mstari mmoja, wakati kwetu lingehitaji ukurasa. Bromokriptini inakata maziwa. Hannover, mama anaandikiwa maziwa ya kopo na maisha yanaendelea. Kijiji kisicho na maji safi, kopo moja la maziwa ya unga likimeza sehemu kubwa ya kipato cha wiki, kumwachisha mtoto wa wiki tatu ni uamuzi mzito. Katika jaribio la Soweto watoto walikua vizuri. Lakini wale walikuwa chini ya uangalizi wa watafiti. Mkunga wa zahanati anayemwambia mama “acha kunyonyesha” anapima maisha ya mama dhidi ya kuhara kwa mtoto, na hana mizani ya kupimia. Hapa sioni jibu rahisi. Ninachoona ni kwamba swali hili haliwezi kujibiwa na jaribio lililofanyika Ujerumani, hata likiwa na wanawake elfu.

Wakati huo huo vinasaba vikaingia. Mwaka 2016 watafiti walipima wanawake 172 na kukuta asilimia 15 wana jeni zilizokatika zinazohusu misuli ya moyo, hasa ile ya protini iitwayo titini. Ni jeni zile zile zinazopatikana kwa watu wenye moyo uliotanuka bila kuhusiana na uzazi. Kwa hiyo baadhi ya akina mama hawa walizaliwa na ufa, na ujauzito ulikuwa uzito uliouonyesha. Lakini asilimia 85 iliyobaki?

Kwa hiyo tunarudi kaskazini mwa Nigeria, safari hii kwa Wanigeria wenyewe. Kamilu Karaye, daktari wa moyo wa Kano, aliongoza daftari la wagonjwa lililokusanya wanawake 244 kutoka vituo 14 vya Nigeria, kuanzia Juni 2017, na, hili ndilo la msingi, wakalinganishwa na wanawake waliojifungua bila kuumwa. Khanga na khanga. Wagonjwa wengi mno walitoka Kano, kwa hiyo Parry na Davidson hawakuota: kweli kaskazini magharibi ina kitu. Lakini walipopima, maji ya moto hayakutofautisha wagonjwa na wazima. Uji wa kanwa haukutofautisha. Vilivyotofautisha ni kutokwenda shule, kutokuwa na kazi, uzito mdogo wa mwili, na kuwahi kupata dalili za kifafa cha mimba, yaani presha ya ujauzito.

Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020. Kutoka 1974 mpaka 2020 ni miaka 46. Swali lililohitajika kujibiwa lilikuwa la bei rahisi kuliko panya wa Hannover: kuwauliza majirani.

Presha ya ujauzito ina mantiki yake ya kibiolojia. Mwaka 2012 kundi la Zoltan Arany lilionyesha katika jarida la Nature kwamba kondo la nyuma, hasa kwa mama mwenye dalili za kifafa cha mimba, humwaga kwenye damu protini inayobana ukuaji wa mishipa midogo. Ukiliweka jambo hilo kando ya prolaktini iliyokatwa, unaona mlango mmoja: mishipa midogo ya moyo inashambuliwa, na moyo ambao hauna akiba unashindwa. Akiba hiyo ndiyo tofauti kati ya mwanamke na mwanamke. Jeni zinaweza kuipunguza. Lishe pia?

Hapo kuna habari ya seleniamu. Ni madini ambayo mwili unayahitaji kidogo sana, na huyapata kwenye chakula kutokana na udongo ambamo chakula hicho kilimea. China waliwahi kuwa na ugonjwa wa moyo uliopewa jina la wilaya ya Keshan, ambao uliwapata zaidi watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, katika maeneo ambayo udongo una seleniamu haba. Mwaka 1992 Cénac na wenzake, waliofanya kazi nchini Niger, mpakani mwa nchi ya Wahausa, walikuta wanawake wenye moyo ulioshindwa baada ya uzazi wana seleniamu ndogo kuliko wenzao wazima. Kundi la Kano nalo likakuta hivyo. Haiti hawakukuta. Kisha Kano wakafanya jaribio kwa wanawake 100: kuwapa seleniamu hakukuonyesha wazi kupunguza vifo wala kurudisha moyo kwenye umbo lake, ingawa dalili zilipungua. Kwa hiyo seleniamu si khanga, lakini si ufunguo pia. Binafsi naiona kama kipande kimoja cha ile akiba.

Kuna jambo la hesabu ambalo limeufanya ugonjwa huu uonekane mdogo kuliko ulivyo. Kifo cha uzazi, kwa maana inayotumiwa kulinganisha nchi, ni kifo cha mwanamke akiwa mjamzito au ndani ya siku 42 baada ya ujauzito kwisha. Siku 42, karibu kabisa na arobaini yetu. Sijui kama ni bahati tu. Uainishaji wa kumi wa magonjwa wa kimataifa uliongeza kundi la vifo vya uzazi vilivyochelewa, kuanzia siku ya 43 hadi mwaka mmoja, lakini uwiano wa vifo vya uzazi unaosomwa bungeni na kwenye ripoti bado ni ule wa siku 42. Sasa kumbuka mipaka ya Chicago: miezi 5. Mama anayeanza kuhema mwezi wa pili, akafariki mwezi wa nne, hayumo. Hakufa kwa uzazi. Amekufa kwa “moyo”, au kwa “kuvimba”, au kwa “kifua”, kutegemea nani aliandika, kama yupo aliyeandika.

Na wengi hawafiki kwa daktari kwa sababu dalili zenyewe zinajificha ndani ya uzazi. Miguu imevimba: si mjamzito? Anachoka: si ananyonyesha usiku? Anakohoa: vumbi, au TB, na anaanzishiwa dawa. Kusikia kwamba mama hawezi kulala chali kunahitaji mtu amuulize analalaje, na kliniki ya baada ya uzazi mara nyingi inampima mtoto uzito huku mama akiwa ni mtu wa kumbeba tu. Kipimo cha eko, kile cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo unavyodunda, ndicho kinachothibitisha, nacho kiko mjini.

Hali inabadilika taratibu. Daftari la kimataifa lililoongozwa na Sliwa lilikusanya wanawake 739 kutoka nchi 49, likachapishwa 2020. Ugonjwa ulionekana kila bara, kwa matajiri na maskini, na kwa ujumla asilimia 6 walifariki ndani ya miezi 6. Tofauti kati ya maeneo ilikuwa kubwa. Hawa, tukumbuke, ni wale waliofika hospitali kubwa, wakapimwa eko, wakaandikwa.

Fett, yule wa Haiti, alitengeneza kitu kisichohitaji mashine. Ni maswali sita ambayo mama mjamzito wa mwezi wa mwisho, au aliyejifungua, anaweza kujibu mwenyewe, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 2: Unapata shida kupumua ukilala chali? Unahema ukipanda ngazi au ukitembea? Una kikohozi kisichoeleweka? Miguu imevimba kiasi gani? Uzito umeongezeka haraka? Moyo unakwenda mbio au unarukaruka? Alama zikipanda, mama apelekwe kupimwa moyo. Yanaweza kuulizwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na mkunga, na hata shangazi anayemkanda mzazi maji ya moto. Huyo wa mwisho, katika nyumba nyingi za Kano na za kwetu, ndiye pekee anayemwona mzazi kila siku kwa siku arobaini mfululizo, na ndiye anayejua kama jana usiku alilala ameketi.